"Mimi nakumbuka tu": dhana potofu kuhusu kupanga kazi na nyumba

Dhana: Mtu mwenye akili timamu haandiki, anakumbuka.

Wanaosema hivi mara nyingi ni wachapakazi wazuri, ndiyo maana inakera. Fika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, asubuhi dagaa wakishushwa. Mama anapatana bei huku akiwaelekeza vijana wa kuanika, na simu inaita kutoka shuleni kwa mwanawe. Ukimuuliza, yote yako kichwani. Na kweli madeni hayasahau hata moja, kwa sababu deni lina mdai wa kumkumbusha. Yanayompotea ni yasiyo na mdai: dawa ya presha ya baba inayokaribia kwisha, kadi ya kliniki ya mtoto, bati linalovuja kabla ya masika.

Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alipitia tafiti nyingi za kumbukumbu akakadiria kwamba akili hushikilia mambo kama manne tu kwa wakati mmoja. Na anayedhani kuandika usiku kunafukuza usingizi, matokeo ya Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, ya mwaka 2018, yanasema kinyume. Vijana 57 waliandika kwa dakika 5 kabla ya kulala, wengine ya kufanya siku zinazofuata, wengine waliyokwisha kufanya. Walioandika ya mbele walisinzia mapema zaidi kwa wastani wa dakika kama 9.

Dhana: Ratiba ni ya saa kwa saa, Jumatatu hadi Jumapili.

Kwa mwenye ajira ya ofisini Mwanga, Kigoma mjini, sawa. Kwa nyumba inayokula kutokana na dagaa, ratiba hiyo itakufa mapema. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti vizuri, mitumbwi inapumzika. Basi mwaka wa familia hiyo unakwenda kwa giza na mbalamwezi, na daftari lake lifuate hivyo hivyo. Ukurasa wa giza ubebe mzigo, wateja na malipo ya vijana. Wa mbalamwezi ubebe kushona nyavu, safari ya Kasulu kuwaona wazee, fundi wa bati, kikao cha shule kama tarehe inasogezeka. Kisha mbalamwezi inapoanza, mnakaa mnalipitia lote: lililokwisha linakatwa, lisilo na maana tena linafutwa bila huruma. Wengi huruka hatua hii, halafu wanasema daftari halifanyi kazi.

Dhana: Bila simu janja na programu ya kulipia, huwezi.

Kaunta buku inatosha. Simu ina faida moja kubwa, inalia. Ila angalia saa: kikao cha saa 3 usiku kiandike 21:00. Ukiweka 3:00 itakuamsha saa tisa usiku, nyumba nzima ikulaani.

Dhana: Mambo ya nyumbani hayaandikwi, hapa si ofisini.

Nyumba nyingi yameandikwa tayari, kichwani mwa mke. Yeye ndiye anayejua gesi inaisha lini na hisa za VIKOBA zinalipwa lini, halafu mume anasema "ungeniambia tu." Kukumbuka nako ni kazi, na isiyoonekana haigawanyiki. Karatasi moja ukutani jikoni, ya kazi na nyumba pamoja, inamwezesha kila mtu kuona kikao cha wazazi kimeangukia siku ya mzigo.

Dhana: Siku 21 na umezoea.

Namba hii kwa kawaida hufuatiliwa hadi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Hakuwa anazungumzia daftari. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London walipofuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, matokeo yakachapishwa mwaka 2010, kiwango cha kati cha kuizoea kilikuwa siku 66, na makadirio yakaanzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu mazoea.