Mashine ya Kwanza ya Polishi: Wati Nyingi Si Ubora

Vijana wanaokuja kuomba ushauri kabla ya kuanza kazi ya kung'arisha magari huja na swali ambalo tayari wamekwisha kulijibu wenyewe. Kijana ameona dukani mashine ya wati 1,400, boksi lake limeandikwa mizunguko 3,000 kwa dakika, bei yake ni ndogo kuliko ile ya wati 500 niliyomtajia, na anachotaka ni mimi kukubali kwamba yenye namba kubwa ndiyo bora. Nikikataa, hudhani ninataka atumie fedha nyingi bila sababu. Kwa kuwa maelezo ni yale yale kila mara, nimeona ni afadhali niyaandike, nikianza na dhana hiyo, kwa sababu ndiyo inayoharibu magari mengi kuliko nyingine zote zikijumlishwa.

"Mashine yenye nguvu na kasi kubwa ndiyo inayoondoa mikwaruzo"

Kinachoondoa mkwaruzo ni chembe za kompaundi, ile dawa ya kusagia, zikishirikiana na pedi kusaga klia, yaani tabaka angavu la juu kabisa la rangi, kidogo kidogo mpaka uso wake ulingane na kina cha mkwaruzo. Kazi ya mashine ni kuisogeza pedi kwa namna inayotabirika. Kasi ikizidi, kinachoongezeka haraka kuliko usagaji ni joto, na joto ndilo adui wa anayeanza.

Rangi nzima ya gari kama ilivyotoka kiwandani, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150. Ndani ya unene huo, klia huchukua mikroni 35 hadi 50 hivi, ambayo ni karibu nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapia. Duru moja ya kompaundi kali inaweza kuondoa mikroni 2 hadi 5. Hesabu hiyo inatosha kumfanya mtu awe mwangalifu hata kwa gari jipya, sembuse magari tunayoyafanyia kazi huku kwetu, ambayo mengi huingia kutoka Japani yakiwa yameshatumika kwa miaka. Kenya inaruhusu yasiyozidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na Tanzania huingia hata ya zamani zaidi. Gari la namna hiyo linapofika mikononi mwako huna njia ya kujua limeshapigwa polishi mara ngapi, isipokuwa uwe na kipimo cha unene wa rangi. Klia ndiyo inayobeba kinga dhidi ya mionzi ya jua, na ikishapunguzwa kupita kiasi, yale mabaka meupe yanayobanduka juu ya boneti na paa huanza kujitokeza, na hapo dawa yake ni kupaka rangi upya.

Sasa tuangalie namba zenyewe. Grenda ya kawaida ya inchi nne na nusu, ambayo baadhi ya mafundi huifunga pedi na kuiita mashine ya polishi, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Ukiifunga pedi ya milimita 125, ukingo wa pedi hiyo unakimbia mita 72 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 260 kwa saa, juu ya tabaka la mikroni 40. Grenda zenye swichi ya kupunguza kasi nazo nyingi huanzia karibu mizunguko 2,800, na huo ni mwendo ambao mimi sitaukaribia hata nikiwa na rotari halisi, yaani mashine ya polishi ambayo pedi yake huzunguka kwenye mhimili mmoja. Rotari iliyotengenezwa kwa kazi hii huanza chini, kwenye mizunguko 600 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika kati ya 1,000 na 1,500. Kwenye mizunguko 1,000, ukingo wa pedi ile ile unakwenda kilomita 24 hivi kwa saa. Huo ndio umbali uliopo kati ya chombo cha kukatia chuma na chombo cha kupigia polishi, na hakuna ustadi wa mkono unaoweza kuuziba. Anayeniambia kwamba yeye ana mkono mwepesi, namwomba anionyeshe kingo za milango aliyoifanyia kazi.

Lakini hata rotari halisi siipendekezi kuwa mashine ya kwanza. Pedi ya rotari huzunguka kwenye mhimili mmoja bila kusita, kwa hiyo joto hujikusanya mahali pamoja ndani ya sekunde chache endapo mkono utachelewa au pedi itainamia upande mmoja. Penye ukingo, penye mkunjo wa boneti, na kwenye bampa la plastiki ambalo halisambazi joto kama bati, klia hupenywa kabla mwanafunzi hajanusa harufu. Rotari hubaki kuwa chombo bora mikononi mwa anayeijua, hasa kwa kufuta alama za msasa namba 2000 baada ya gari kupakwa rangi, na siku yako ya kuinunua itafika. Isiwe siku ya kwanza.

Kuna jambo la pili ambalo huwadanganya wengi. Rotari isiyotawaliwa vizuri huacha hologramu, ile mistari ya mawimbi inayocheza chini ya jua. Kompaundi nyingi zina mafuta, na mafuta hayo huijaza mistari hiyo, kwa hiyo jioni ile gari hung'aa, mteja hulipa na kuondoka ameridhika. Baada ya kuoshwa mara mbili au tatu mafuta hutoka na mistari hujitokeza mchana kweupe. Fundi husema mteja ameosha vibaya, mteja husema ameibiwa. Ndiyo maana ninasisitiza, hata kwa wanaochoka kunisikia, kwamba kila paneli ikimalizika ifutwe kwa alkoholi ya aisopropili iliyochanganywa na maji, kisha imulikwe kwa tochi kali kutoka pembe tofauti. Kabla ya kufanya hivyo hujui umefanya nini, na usipokee fedha ya mtu.

Mashine ya DA (kifupi cha "dual action", yaani miendo miwili) hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Mota huizungusha pedi kwenye mzingo mdogo, kwa mfano wa upana wa milimita 15, mara elfu kadhaa kwa dakika, na wakati huo huo pedi inaachwa izunguke yenyewe polepole kwenye beringi. Miendo hiyo miwili ikichanganyika, hakuna sehemu ya pedi inayopita njia moja mfululizo, na joto husambaa. Zaidi ya hapo, ukiikandamiza kupita kiasi au ukiinamisha kwenye ukingo, ule mzunguko wa pedi husimama na kubaki mtetemo tu. Wanaobeza DA kwamba ni mashine ya watoto huutaja usimamaji huo kama udhaifu. Mimi nauhesabu kuwa mwalimu, kwa sababu unamwambia mwanafunzi papo hapo kwamba amekosea mkono, na gharama ya kosa hilo ni dakika moja badala ya mlango mzima.

Wati hueleza tu kiasi cha umeme ambacho mashine hula. Mashine za DA zinazotumiwa na mafundi wenye majina, nyingi zina wati kati ya 500 na 900, na hukata kwa sababu ya mizania ya mzingo, sahani inayoshika pedi, na pedi yenyewe. Mashine ya wati 1,400 isiyo na mizania hutetemesha mikono na kuchosha mabega, na fundi aliyechoka huanza kuilalia mashine.

Ushauri wangu basi haubadiliki: anza na DA ya mzingo wa milimita 15 au karibu na hapo, yenye sahani ya inchi tano na swichi ya kasi yenye hatua kadhaa. Siku ya kwanza chukua kalamu ya wino mzito, uchore mstari kwenye pembeni ya sahani inayoshika pedi. Ukifanya kazi, tazama mstari huo: ukiuona unazunguka, pedi inakata, na ukiuona umesimama huku mashine inaunguruma, punguza mkandamizo au inyooshe mashine. Mstari huo mmoja utakufundisha zaidi ya video nyingi.

"DA haiwezi kuunguza rangi"

Inaweza. Ni vigumu kuliko kwa rotari, lakini pedi ya sufi, kompaundi kali, kasi ya juu kabisa na kukaa mahali pamoja kwenye ukingo vitafikisha mtu kule kule. Ziko pia DA za giya, kama Flex XC 3401 ya Ujerumani yenye mzingo wa milimita 8, ambazo pedi yake haisimami hata ukiikandamiza, na kwa hizo ile kinga niliyoisifu haipo. Funika kingo kwa tepu ya karatasi, na ukishindwa kuweka kiganja juu ya paneli kwa sababu ya joto, acha ipoe. Gari lililoegeshwa juani adhuhuri lina paneli zenye moto hata kabla mashine haijawashwa, na kompaundi hukauka kabla ya kufanya kazi. Anayepiga polishi juani anapoteza muda wake na mali ya mteja.

"Mzingo mpana zaidi ni bora zaidi"

Mzingo wa milimita 21, kama wa Rupes LHR21 ya Italia, humaliza haraka paa na boneti pana za magari makubwa. Magari ambayo anayeanza atayapata, hata hivyo, mengi ni Vitz, Passo na IST, yenye paneli fupi zilizojikunja, na huko pedi kubwa husimama kila baada ya hatua. Ndiyo maana nimesema 15.

"Mashine nzuri huondoa mkwaruzo wowote"

Pitisha ukucha. Ukinasa, mkwaruzo huo una kina kisichostahili kufuatwa kwa pedi, na fundi rangi ndiye anayehusika. Na ile mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana juani imetokana na kuosha gari kwa ndoo moja na tambara lenye mchanga, kwa hiyo itarudi iwapo uoshaji hautabadilika, hata mashine iwe ya thamani gani.

"Fedha zote ziende kwenye mashine"

Hapa huwa nabishana na watu wenye akili zao timamu. Mtu atatafuta mkopo ili apate mashine ya jina kubwa, kisha anabaki na pedi mbili, chupa moja ya kompaundi isiyo na lebo inayosomeka, na vitambaa vilivyokatwa kutoka fulana kuukuu. Pedi hujaa klia iliyosagwa na kompaundi iliyokauka, na ikishajaa haikati tena. Hupeleka joto kwenye rangi na kuacha mikwaruzo mipya. Gari dogo moja linahitaji walau pedi nne za kukatia na mbili laini za kumalizia, zikisafishwa kwa brashi au upepo wa kompresa baada ya kila sehemu ndogo na kubadilishwa zinapolowa. Ukiwa na bajeti yenye kikomo, ni afadhali DA ya bei ya kati yenye pedi za kutosha kuliko mashine ya kifahari yenye pedi chafu. Upana wa pedi uwe unazidi wa sahani kidogo, ili ukingo mgumu wa sahani usije ukaigusa rangi.

Na usianze kwa pedi kali. Chagua paneli moja, funga kwa tepu eneo la sentimita 50 kwa 50, jaribu kwanza pedi laini na polishi nyepesi, kisha umulike. Mara nyingi hiyo inatosha, na klia iliyobaki itamfaa mwenye gari miaka ijayo. Ikishindikana, panda ngazi moja. Mteja anayetaka gari lipigwe kompaundi kila mwezi mwambie hapana na umuuzie nta.

"Mashine ya Marekani ni imara zaidi, nitabadilisha plagi tu"

Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni 240. Marekani ni 120, na Japani ni 100. Mashine iliyotengenezwa kwa volti 120 ikichomekwa kwenye soketi yetu kwa kubadilishiwa plagi huungua mota, mara nyingi ndani ya dakika chache, na hakuna dhamana inayolipa kosa hilo. Tafuta kibandiko cha mtengenezaji kwenye mwili wa mashine yenyewe, si kwenye boksi, na usome volti kabla ya kulipa. Ukiletewa zawadi na ndugu aliyeko ughaibuni, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine kwa nafasi ya kutosha. Ile ndogo ya redio haitafaa. Waya wa ekstensheni nao uwe mnene na usiwe mrefu bila sababu, kwa kuwa mwembamba hupunguza volti zinazofika kwenye mota na kuifanya ipate moto.

Kabla hujaondoka dukani, mwombe muuzaji akuonyeshe kaboni za akiba (zile zinazopeleka umeme ndani ya mota) na sahani ya akiba vya modeli hiyo hiyo. Kaboni huisha, na sahani hulegea gundi yake kwa joto. Muuzaji asiyekuwa navyo, wala hajui vinapatikana wapi, amekuuzia mashine itakayofanya kazi mpaka kaboni za kwanza zitakapokwisha.