Miaka 2,410 ya Moses Sithole: yanayosemwa na yaliyothibitishwa

Tarehe 5 Desemba 1997, Mahakama Kuu ya Pretoria nchini Afrika Kusini ilimhukumu Moses Sithole kifungo cha miaka 2,410 kwa mauaji 38, ubakaji 40 na unyang'anyi 6. Jina lake halijasahaulika hadi leo, ila mengi yanayosimuliwa juu yake si kweli.

Uongo unaoniudhi kuliko wote ni ule wa kisasi: eti alisingiziwa ubakaji, akafungwa bure, akatoka akiwawinda wanawake waliofanana na yule aliyemshtaki. Hadithi hiyo aliieneza yeye mwenyewe. Ni kweli kwamba mwaka 1989 alifungwa miaka 6 kwa ubakaji, na akaachiwa 1993 kwa mwenendo mzuri. Lakini kwenye kesi ya mauaji walifika wanawake wengine, wakaeleza alivyowabaka kabla ya kifungo hicho. Gereza lilimkuta tayari mkatili. Anayerudia hadithi ya kisasi anamtwisha lawama mwanamke ambaye ujasiri wake ndio uliomweka mtu huyu ndani kwa miaka kadhaa.

Wapo pia wanaouliza: wanawake wale walifuata nini porini na mtu wasiyemjua? Walifuata kazi! Mwaka 1994 na 1995 ajira zilitafutwa kwa tochi, na Sithole alikuwa nadhifu, mwenye maneno ya upole, akijitambulisha kuwa anaendesha shirika la kupambana na unyanyasaji wa watoto. Shirika lenyewe lilikuwa jina tupu. Aliwaahidi ajira, kisha mchana kweupe akaongozana nao kupita kwenye mbuga za nyasi. Miili iliokotwa Atteridgeville, Boksburg na Cleveland, ndiyo maana magazeti yakayaita mauaji ya ABC. Sioni uzembe wowote kwa mtu aliyeitikia wito wa kazi, na swali hilo linawaumiza upya wazazi na watoto walioachwa.

Kichaa? Hapana. Alijua kuandaa ahadi na kuchagua mahali, na polisi walipokuwa wakimsaka Oktoba 1995 alimpigia simu mwandishi wa gazeti la The Star. Mahakama ilimtia hatiani kama mtu mwenye akili timamu.

Na kama hakunyongwa, si kwa huruma ya jaji. Mahakama ya Katiba ilikuwa imefuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji tarehe 6 Juni 1995, hivyo kitanzi hakikuwepo tena kisheria.

Na ile miaka 2,410 inayochekwa mitandaoni kana kwamba jaji alitaja namba yoyote iliyomjia kichwani, hesabu yake iko wazi. Kila mauaji yalipewa miaka 50, na kwa watu 38 ikawa 1,900. Kila ubakaji miaka 12, jumla 480. Kila unyang'anyi miaka 5, jumla 30. Jaji David Curlewis aliagiza vifungo vifuatane, visiende sambamba. Mfungwa wa maisha nchini humo huweza kufikiriwa parole, yaani kuachiwa kabla ya kumaliza kifungo, baada ya muda fulani, na jaji alisema wazi kwamba anataka Sithole abaki gerezani mpaka mwisho wa uhai wake. Kwa hiyo aliamuru asifikiriwe parole kabla ya kutumikia miaka 930.