Wallada hakuwa "yule mpenzi wa Ibn Zaydun"

Kila nikifika somo la Andalusi, yaani Hispania ya enzi za Waislamu, nikamtaja mshairi Wallada, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na swali lile lile: "Mwalimu, huyu si yule mpenzi wa Ibn Zaydun?" Juma lililopita nimelisikia mara tatu, mara moja kutoka kwa mwalimu mwenzangu.

Dhana ni kwamba Wallada binti al-Mustakfi anakumbukwa hadi leo kwa sababu alipendwa na mshairi mkubwa, Ibn Zaydun. Haya, tuyaulize mashairi yenyewe. Aliyelia ni Ibn Zaydun. Ile Nuniyya maarufu, shairi la vina vya herufi nuni, inayofunguka kwa kusema utengano umeshika nafasi ya ukaribu, ni yake yeye, kaitunga akiwa ameshampoteza. Wallada machozi hakutuachia mengi. Vipande vyake vilivyobaki ni kama tisa hivi, vifupi, na vingi vinamuumbua bwana huyo huyo. Katika kimoja anamlaumu kwa kumtamani mjakazi wa Wallada mwenyewe: umeacha tawi lililozaa ukaelekea tawi lisilo na tunda, unajua mimi ni mwezi mpevu, nawe umehangaika na Mushtari. Mushtari ni sayari, lakini kwa Kiarabu ni mnunuzi pia, na anayetajwa ni mjakazi. Mtu anayepiga kwa neno moja pande mbili hivi unamwita "mpenzi wa fulani"?

Ibn Bassam, mwandishi wa Andalusi aliyefariki 1147, anasema baraza la Wallada mjini Qurtuba (Córdoba ya leo) lilikuwa uwanja wa kukimbizia farasi wa nathari na ushairi. Hapohapo anamlaumu kwa kutojali macho ya watu. Lakini mwaka 1971 mji huo ukawajengea wapenzi hawa mnara wa mikono miwili iliyokaribiana, na wageni hurudi na picha yake kama ushahidi.

Vazi lake nalo lilibeba ubeti kila upande. Wa kulia unaapa kuwa anastahili makuu na anatembea kwa madaha yake. Wa kushoto unataja shavu na busu, mtausoma wenyewe. Hapo darasa zima hupiga kelele: "Kanga!" Siyo. Kanga mwanunua na jina lake. Wallada alitunga lake.

Kwamba alikula kwa kivuli cha baba khalifa? Al-Mustakfi alitawala 1024 hadi 1025, hata miaka miwili hakumaliza, akatoroka akauawa. Ukhalifa wenyewe ukafutwa 1031. Binti aliishi mpaka 1091.

Na kwamba alikuwa mwanamke peke yake wa kutunga: Granada ilikuwa na Nazhun na Hafsa, na nyumbani kwake mwenyewe alimfunza Muhja, binti wa muuza tini. Muhja alipokomaa akamgeukia mwalimu wake kwa hijaa, shairi la kukashifu, ambayo mimi darasani siisomi.