Ziwa dogo hulindwa na mabega

Ramani za Boundary Waters, eneo la maziwa na misitu kaskazini mwa Minnesota, Marekani, hazipimi njia ya kubebea mtumbwi kwa mita wala kwa maili. Zinatumia kipimo cha zamani, rod, ambacho ni kama mita 5, karibu sawa na urefu wa mtumbwi wenyewe. Ukiona namba 180 kati ya ziwa na ziwa, jua utatembea mita 900 msituni na mtumbwi begani, mizizi inakukwaza, na mbu wanajua fika kwamba mikono yako yote miwili ina kazi.

Mgeni akitaka ziwa la faragha, mimi huangalia namba hiyo kwanza. Eneo lile lina maziwa zaidi ya 1,000, na sheria ya 1978 ilipiga marufuku injini katika sehemu kubwa ya maji yake. Bado, maziwa ya karibu na barabara hujaa Julai. Vuka njia moja ya rod 150 na zaidi, uingie kiziwa chenye kambi moja tu, na mara nyingi utalala peke yako. Wengi huishia njiani, na mimi nawashukuru.

Kubeba ni ufundi kuliko nguvu. Mtumbwi wa Kevlar, nyuzi nyepesi lakini imara, una kilo 20 hivi, wa alumini huzidi 30. Katikati pana mti wa kukingama, umechongwa kama nira. Simama ubavuni, maji yakifika magotini, uuvute mtumbwi ukae mapajani. Shika nira, kisha usukume kwa nyonga, kichwa kiingie chini yake. Omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, inyanyuke kidogo uone njia. Wakati wa kuutua, utue majini. Msimu wangu wa kwanza niliutua juu ya jiwe, na mlio ule bado ninao masikioni.

Kambi zenyewe hazina mambo mengi: wavu wa chuma wa kuwashia moto, choo cha shimo nyuma ya miti, basi. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Kibali cha kulala kina idadi maalumu kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30, kwa hiyo wahi. Makopo na chupa hayaruhusiwi, nami nabeba unga na dagaa wakavu. Dagaa, lakini, dubu huwasikia harufu kutoka mbali, hivyo usiku chakula chote huning'inia juu, mbali na shina la mti na mbali na hema.

Kinachonitisha ni baridi ya maji. Nimekulia Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Victoria, nikaogelea kabla sijajua kusoma, na ujuzi ule huku haunisaidii sana. Barafu huondoka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Anayetumbukia wakati huo hushtuka akavuta pumzi bila kutaka, pengine kichwa kiko chini ya maji, na baada ya dakika chache vidole havishiki tena kafi wala ukingo wa mtumbwi. Ndiyo maana upepo ukianza tunapiga magoti ndani ya mtumbwi ili uzito ukae chini, na jaketi okozi linafungwa hadi kifungo cha mwisho.

Mwezi Mei, hata ziwa la upana wa mita 300 nalizunguka kandokando. Wageni hunicheka, ila jaketi hawavui.