Ugali si adui wa afya

Wengi hudhani kula vizuri ni kupika kinoa na brokoli. Unazunguka sokoni, unatumia hela, kisha watoto wanasukuma sahani na baba yao anauliza, "Ugali uko wapi?"

Ugali haujakosea. Tofauti iko mashineni: mahindi ya sembe hukobolewa kwanza, pumba na kiini vikabaki huko (kuku ndio wanaofaidi). Ya dona husagwa na vyote, kwa hiyo yana nyuzinyuzi na vitamini B zaidi. Kwangu walilikataa dona tupu. Nikachanganya nusu kwa nusu na sembe, sufuria ikarudi tupu.

Mchicha nao ukamulie ndimu ukishaiva, vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai isubiri, hupunguza ufyonzaji huo.