Mawazo kwenda mbio

Saa tano usiku umejilaza, taa umezima, mwili umechoka, lakini kichwani kikao ndiyo kwanza kinafunguliwa. Luku inaisha. Meseji ya bosi hukuijibu. Lile neno ulilomwambia shemeji mwaka juzi. Wimbo wa tangazo. Wazo la biashara. Hakuna linalofika mwisho, kila moja linasukumwa na jingine. Hayo ndiyo mawazo kwenda mbio, na watu wazima wengi wenye ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu, wanayajua vizuri. (ADHD siyo usonji, ingawa watu huchanganya.)

Wengi hudhani mtu wa aina hii hana umakini. Anao, ila hachagui uende wapi. Anashindwa kumaliza ukurasa mmoja wa mkataba, halafu anakesha akitengeneza redio mbovu mpaka alfajiri. Kazi ya ubongo kuamua lipi lishughulikiwe na lipi lisubiri hutegemea kemikali kama dopamini na noradrenalini. Kwa mwenye ADHD kazi hiyo hulegalega, mawazo yote yakaingia kwa mlango mmoja.

Kumwambia "tulia" ni bure. Ukijikataza kuwaza, umejiongezea wazo la kukataza. Afadhali ulitoe kichwani: weka daftari na kalamu kando ya kitanda, andika "luku", basi. Usiinunue saa hiyo. Ukishika simu, umekwisha. Mchana, kutembea kwa kasi au jasho la mpira hupunguza ule mchemko. Kukaa kimya umefumba macho huwashinda wengi, ndiyo maana wengine hutulia wakiosha vyombo au feni ikivuma.

Kuna pia dawa ya metilfenideti, anayoandika daktari. Ni kichangamshi, na bado humtuliza mwenye ADHD, kwa kuwa huongeza zile kemikali za ubongo.

Ila si kila kichwa kinachokimbia ni ADHD. Vigezo vya Marekani vya 2013 vya kuitambua ADHD vinataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Mawazo ya wasiwasi nayo hukimbia, ila huzunguka hofu zilezile. Na kama mbio zimeanza ghafla ukubwani, mtu halali siku mbili tatu wala hachoki, anamwaga pesa na kuongea bila kituo, huenda ni baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Huyo apelekwe hospitali mapema, asisubiri daftari.