Koilova za bei nafuu au springi fupi kwa gari la kila siku

Koilova ni shokapu na springi vilivyotengenezwa kuwa kitu kimoja. Mwili wa shokapu umechongwa thredi kwa nje, na springi imekalia ringi inayopanda na kushuka juu ya thredi hizo, kwa hiyo kimo cha gari kinarekebishika. Springi fupi ni springi tu. Unatoa ya kiwandani, unaweka nyingine inayoshusha gari kwa milimita 20 hadi 40, na shokapu inabaki ileile. Wengi huanza kwa kulinganisha bei za hivi viwili na hapohapo wanapotea, maana kimoja kinakuja na shokapu na kingine hakina. Linganisha koilova na springi fupi zikiwa pamoja na shokapu mpya, isipokuwa kama zilizopo bado ni nzima kabisa.

Kimo ndicho kinachoonekana, lakini dereva anahisi nafasi iliyobaki kwa gurudumu kupanda. Chukua gari ambalo gurudumu lake linaweza kupanda milimita 70 kabla shokapu haijafika kwenye raba ya kikomo. Ukilishusha milimita 40, zimebaki 30. Raba hiyo ni ngumu kuliko springi, na ugumu wake unapanda ghafla kadiri inavyobanwa. Gari linaloigusa kwenye kila shimo litaonekana lina springi ngumu mno, hata kama springi zenyewe ni laini. Ndiyo maana watengenezaji wa springi fupi huzifanya ngumu kidogo kuliko za kiwandani, na wengine huelekeza raba ikatwe kwa kipimo fulani. Fuata kipimo hicho. Ukiiondoa raba yote, shokapu itagonga chuma kwa chuma na valvu ya chini itaharibika mapema.

Ugumu wa springi unapimwa kwa nguvu inayohitajika kuibana milimita moja. Tuseme kona moja ya gari inabeba kilo 300 na springi ya kiwandani ina ugumu wa nyutoni 25 kwa milimita. Mwili wa gari utadunda kiasili karibu mara 1.45 kwa sekunde, kiwango ambacho abiria hawalalamikii. Springi fupi ya nyutoni 30 inaupeleka kwenye 1.6, tofauti unayoihisi bila kuichukia. Koilova nyingi za bei nafuu huandikwa kwa kilo: kilo 6 kwa milimita ni karibu nyutoni 59, na hapo mwili unadunda mara 2.2 kwa sekunde. Kwenye lami laini hilo ni zuri. Kwenye barabara yenye viraka, kila kiraka kinafika mgongoni.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini shokapu haiwezi kusahaulika. Kazi ya shokapu ni kuizima springi isiendelee kudunda, na springi ikiwa ngumu zaidi, kazi inaongezeka kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa ugumu mpya na wa zamani. Kutoka nyutoni 25 hadi 30, shokapu inatakiwa kuwa na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 10 ili izime vilevile. Shokapu nzima ya kiwandani inalimudu hilo, ila haidumu kama zamani, kwa sababu sasa inafanya kazi karibu na kitako chake. Kutoka 25 hadi 59 pengo linazidi asilimia 50, na hakuna shokapu ya kiwandani itakayolibeba. Kukata springi kwa grainda ni mtego uleule: koili zikipungua springi inakuwa ngumu zaidi, ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake, na gurudumu likining'inia springi inaweza kuchomoka mahali pake.

Koilova ya bei nafuu ina matatizo yake, na mara nyingi yako ndani. Skrubu ya kurekebisha ugumu wa shokapu, inayozungushwa kwa hatua zinazoitwa kliki, huathiri zaidi shokapu inaporudi kuliko inapobanwa, kwa hiyo kulegeza kliki zote hakuondoi ukali wa springi ngumu. Kliki 10 za kushoto zinaweza pia zisilingane na kliki 10 za kulia. Hesabu kila mara kuanzia mwisho wa ugumu ukirudi nyuma, na anzia katikati. Angalia pia inavyoshusha gari. Baadhi hushusha kwa ringi ya springi peke yake, na kila unaposhusha unakula nafasi ya shokapu kubanwa. Nyingine zina thredi pia kwenye kikalio cha chini, ambapo mwili mzima unafupishwa na nafasi hiyo inabaki. Kwa gari la kila siku nunua za aina hii ya pili au acha kabisa.

Mwanya wa upande wa pili, wa gurudumu kushuka, husahaulika. Ile springi ya nyutoni 59 inabanwa milimita 50 tu na uzito wa gari. Gurudumu likishuka kwenye shimo zaidi ya hapo, na springi haikubanwa kabla wala haina springi ndogo ya msaada, inalegea na kugongagonga. Kelele nyingine hutoka juu, kwenye mauntingi (vishikizo vya juu vya shokapu) za chuma badala ya raba. Vumbi likiingia zinaanza kulia. Maji na chumvi hugandisha ringi kwenye thredi, kwa hiyo zisafishe na kuzipaka grisi angalau mara moja kwa mwaka, la sivyo urekebishaji uliolipia hautakuwepo tena.

Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi kwa kona zote nne na uandike. Springi ya kiwandani iliyobanwa ina nguvu ya kuua: tumia vibanio viwili vinavyotazamana, na usifungue nati ya juu mpaka springi ilegee kwenye kikalio. Bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio) za mikono inayoshika magurudumu zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Zikikazwa gurudumu likining'inia, bushi zinabaki zimesokotwa na kupasuka mapema. Kagua stabilaiza linki (vyuma vinavyounga stabilaiza na magurudumu), mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge unapopiga breki) kama vimevutika. Endesha wiki moja au mbili springi zikae, kaza tena, kisha fanya alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi. Kwenye magari mengi tairi huinamia ndani zaidi baada ya kushushwa, lakini kinachokula tairi haraka ni matairi kuangalia ndani au nje kupita kipimo. Taa za mbele nazo zipangwe upya.

Kwa gari linalobeba familia au mizigo, springi za milimita 25 hadi 30 pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwa kimo hicho zinashinda koilova ya bei nafuu karibu kila mara. Koilova ina maana pale shokapu za zamani zimekwisha na hakuna fupi za gari hilo, au rimu pana zinalazimisha kila kona irekebishwe peke yake. Ukiingia huko, muulize muuzaji ugumu wa springi za mbele na nyuma, na kama oili sili na katriji (sehemu ya ndani ya shokapu) zinauzwa peke yake. Asiyeweza kujibu hilo la kwanza anauza rangi. Na ugumu ukizidi mara mbili ya ule wa kiwandani, seti hiyo haikutengenezwa kwa barabara unayopita kila asubuhi.